Tunalala Rongai, Tunapigia Kura Kwingine

Mwenyekiti, wazee wetu, kina mama, na nyinyi vijana mliosimama kule mlangoni kwa sababu viti vimeisha: hamjambo. Nimepewa dakika ishirini na tano. Nilifundisha hisabati miaka thelathini na miwili, kwa hivyo kuhesabu dakika najua. Kuzitii ndiyo shida.

Karatasi ya mwaliko inasema nizungumzie mwelekeo wa kisiasa wa wakazi wa Ongata Rongai, mji wetu huu wa Kajiado ulio pembezoni mwa Nairobi. Nadhani mwenyekiti alitaka niwaambie Rongai ni ya nani, ili tukitoka hapa tubishane vizuri kwenye matatu. Jibu langu ni fupi, na huenda likawaudhi wengine: hakuna anayejua. Rongai haijawahi kupiga kura. Waliopiga ni baadhi tu ya wanaoishi Rongai. Wengine wetu siku ya kura tulikuwa njiani, tumebeba mkate na sukari za kupeleka nyumbani.

Nasema "tulikuwa" kwa sababu nami nilikuwa mmoja wao. Nimekaa hapa tangu wakati ambapo ukishuka gari la 125 usiku ulikuwa ukisikia fisi upande wa mbuga. Nimejenga hapa, nimesomesha hapa, nimezika jirani zaidi ya mmoja hapa. Lakini mwaka 2013 nilipiga kura Bungoma. Mwezi Agosti 2017 nikapiga tena Bungoma, nauli ikiwa imepanda kama ya Krismasi. Kisha Mahakama ya Juu ikafuta matokeo ya urais tarehe 1 Septemba, uchaguzi ukarudiwa tarehe 26 Oktoba, na mimi sikuwa na nauli ya pili wala hamu. Nikashinda Rongai. Asubuhi hiyo nilikwenda kununua maziwa, nikapita mbele ya shule ambayo ilikuwa kituo cha kupigia kura, umbali wa hatua mia tatu kutoka langoni kwangu. Nikajiuliza: hii shule naipita kila siku, watoto wangu wamesoma humu, na leo mimi ni mgeni hapa?

Niwape takwimu kidogo, halafu nitaziacha. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 687,312 katika Kaunti ya Kajiado. Ile ya 2019 ilihesabu 1,117,840. Miaka kumi, na zaidi ya watu laki nne wameongezeka. Sehemu kubwa yao haikuja kuchunga ng'ombe. Wamejaa huku kaskazini, Rongai, Ngong, Kiserian, na kule Kitengela. Rongai peke yake mwaka 2019 ilikuwa na watu 172,569. Ruiru, upande wa pili wa Nairobi, ilipita 490,000. Hawa ni watu waliofukuzwa na kodi za Nairobi, au waliopata ploti ya hamsini kwa mia, au wote wawili kwa pamoja. Kwa hivyo mji wa Nairobi ukiutazama kwenye ramani umezungukwa na mkufu wa watu ambao asubuhi wote wanaelekea mjini na jioni wote wanakwama kwenye foleni moja. Matatizo yetu ni yale yale: maji ya boza, taka, barabara za ndani ambazo mvua ikinyesha bodaboda anakuambia "mzee, tembea kuanzia hapa."

Ungedhani watu wenye shida moja wangekuwa na siasa moja. Kinachotuzuia ni daftari la wapiga kura. Sheria ya Kenya haikulazimishi kujiandikisha pale unapolala. Unajiandikisha kituo unachokichagua, na siku ya kura unapiga hapo tu. Basi sisi tumechagua kwetu.

Na msidhani ni ujinga. Nimewasikia vijana wa mjini wakiwacheka wazee wanaosafiri kwenda kupiga kura kijijini, kana kwamba ni ushamba. Kuna sababu, na sababu ya kwanza hatupendi kuitaja. Tulipoingia mwaka 2008 watu walikuwa wanauana. Tume ya Waki, iliyochunguza ghasia hizo za baada ya uchaguzi wa 2007, ilihesabu waliokufa kuwa 1,133. Baada ya hapo, mtu mwenye familia alijiuliza swali rahisi sana: wiki ya uchaguzi nitakuwa wapi ili nilale usingizi? Akajiandikisha kwao, ili awe na sababu ya kuondoka na watoto kabla mambo hayajaharibika. Kwa hiyo, kwa wengine kituo cha kupigia kura ni mpango wa kukimbia. Nimekaa na jirani yangu, mwenyeji wa Kisii, akanieleza hivyo bila aibu, na sikuwa na la kumjibu.

Sababu ya pili ni ardhi na makaburi. Kijijini anayegombea ni mtoto wa fulani, unajua baba yake alikuwa na deni gani, na ukimpigia kura atakuja matanga yako. Hapa Rongai diwani hata hajui kama upo. Samahani, siku hizi tunasema mwakilishi wadi. Na sababu ya tatu ni fahari tu. Mtu akirudi nyumbani na gari lake siku ya kura anaonekana.

Lakini hesabu ina ukatili wake. Twendeni Kiambaa, jimbo la ubunge katika Kaunti ya Kiambu. Kiambaa ni sawa na sisi, ukiondoa kwamba wao wana kahawa na sisi tuna vumbi. Ndani yake kuna Ruaka, na Ruaka mnaijua: maghorofa yamebanana hadi mtu akipika omena ghorofa ya tatu, ya nne wanajua. Mbunge wao, Paul Koinange, alifariki mwaka 2021. Uchaguzi mdogo ukafanyika tarehe 15 Julai mwaka huo. UDA, chama cha William Ruto aliyekuwa Naibu wa Rais, ilimsimamisha John Njuguna Wanjiku, na Jubilee, chama cha Rais wa wakati huo Uhuru Kenyatta, ikamsimamisha Kariri Njama. Nchi nzima ilikuwa inaangalia, kwa sababu hapo ndipo ilipimwa nguvu ya Uhuru Kenyatta nyumbani kwake dhidi ya naibu wake aliyekosana naye. Njuguna alipata kura 21,773. Njama alipata 21,263. Toeni wenyewe: tofauti ni 510.

Kura mia tano na kumi! Sasa nendeni Ruaka mhesabu milango. Maghorofa machache tu ya pale yangetosha. Sisemi wangempigia nani. Huenda tofauti ingekuwa kubwa zaidi kwa huyo huyo aliyeshinda. Ninachosema ni kwamba uchaguzi ulioamua jinsi nchi nzima ilivyoanza kuusoma mwaka 2022 uliamuliwa na watu wachache kuliko wale wanaosimama stendi ya Ruaka saa kumi na mbili asubuhi. Na wengi wa wale wanaosimama stendi, ukiwauliza, watakuambia "kura yangu iko nyumbani."

Mwaka uliofuata Kiambu, kaunti ya Uhuru, ilimpa William Ruto karibu robo tatu ya kura. Kiambaa ilikuwa imeshasema mapema. Viongozi walisikia wakaziba masikio, lakini hilo ni la siku nyingine.

Sasa tuje kwa wale ambao walibaki na wakapiga kura hapa pembezoni. Je, wana mwelekeo? Wanao, ila si ule mnaousikia redioni. Redioni wanasema watu wa mijini wanapiga kura kwa kabila kama watu wa vijijini. Nusu ya hilo ni kweli. Kwenye karatasi ya urais, ndiyo, ukijua jina la mtu mara nyingi unaweza kukisia alama yake. Lakini anayepiga kura Kenya hapewi karatasi moja. Anapewa sita: rais, gavana, seneta, mwakilishi wa wanawake, mbunge, mwakilishi wadi. Wanasiasa wanatuomba tupige suti, yaani vipande vyote sita kitambaa kimoja. Watu wa Nairobi na viunga vyake ni mafundi wa kuvaa koti la rangi hii na suruali ya rangi nyingine.

Tazameni Nairobi yenyewe. Mwaka 2013 Raila Odinga alimshinda Uhuru kidogo ndani ya jiji. Gavana akawa Evans Kidero wa ODM, chama cha Raila. Hapo mngesema suti imekamilika. Lakini foleni ile ile, siku ile ile, ikampa Mike Sonko wa TNA, chama cha Uhuru wakati huo, useneta na Rachel Shebesh wa TNA uwakilishi wa wanawake. Mwaka 2017 Raila akaongoza tena jijini kwenye urais, gavana akawa Sonko kwa tiketi ya Jubilee, seneta akawa Johnson Sakaja wa Jubilee, na mwakilishi wa wanawake akawa Esther Passaris wa ODM. Mwaka 2022 Raila akaongoza kwa mara ya tatu, seneta akawa Edwin Sifuna wa ODM, Passaris akarudi, lakini gavana akawa Sakaja, safari hii kwa UDA.

Hebu tukae hapo kwa Sakaja kidogo, maana hapo kuna funzo na mimi mwenyewe nina ushahidi. Sakaja alipata kura 699,392. Mkubwa wake wa chama, Ruto, katika jiji hilo hilo alipata karibu 560,000. Maana yake zaidi ya watu laki moja na thelathini elfu walimpa Sakaja kura bila kumpa Ruto. Walitoka wapi? Wengi wanasema ni mambo ya Tim Wanyonyi. Wanyonyi, mbunge wa Westlands kwa miaka mingi, alitaka ugavana kwa ODM. Azimio, muungano wa Raila uliojumuisha ODM na Jubilee, wakamwomba apishe, tiketi ikaenda kwa Polycarp Igathe wa Jubilee. Mimi ni Mbukusu. Simu zilizokuwa zinapigwa wakati ule nilizisikia, na maneno yaliyosemwa kanisani hayafai kurudiwa hapa. Watu walisema juu tutabaki na Baba, yaani Raila, huku chini mtatuona. Na wakaonekana. Mtu akiniambia hiyo ni siasa ya kabila, nitakubali. Lakini ni kabila lililokataa kupangwa kama magunia na vigogo wa muungano wake. Hicho ni kitu tofauti, na wachambuzi wa televisheni hawana jina lake.

Na Kasarani, jimbo jingine la Nairobi, mwaka huo huo, kulikuwa na wagombea wa vyama vikubwa, wenye helikopta na mabango. Watu wakamchagua Ronald Karauri, mgombea huru. Kasarani si kijiji cha mtu.

Hapa kwetu Kajiado mambo yana ugumu wake, nami ni mgeni kwa hivyo nitatembea polepole. Mzee wangu pale mbele ni mwenyeji, atanirekebisha. Eneo hili lilikuwa la Profesa George Saitoti tangu 1988 hadi alipokufa kwenye ajali ya helikopta pale Ngong tarehe 10 Juni 2012. Kwenye uchaguzi mdogo wa Septemba mwaka huo Moses ole Sakuda wa TNA akashinda, na ilikuwa mojawapo ya mara za kwanza chama hicho kipya kuonyesha meno. Kisha eneo likagawanywa. Sakuda akaenda Kajiado Magharibi, na sisi Kaskazini tukapata Joseph Manje kwa TNA mwaka 2013. Mwaka huo huo kaunti ikamchagua David Nkedianye wa ODM kuwa gavana. Mwaka 2022 mbunge wetu akawa Onesmus Ngogoyo wa UDA, na gavana akarudi kuwa Joseph ole Lenku, ambaye 2017 alikuwa Jubilee na sasa alikuwa ODM. Mbunge upande huu, gavana upande ule. Limetokea 2013, likatokea tena 2022.

Baadhi yenu mtasema hilo linatokana na ujanja wa vyama tu. Mimi naona kuna kitu kingine. Gavana anachaguliwa na kaunti nzima, kutoka Rongai mpaka Loitokitok, na wenyeji wana hofu ya haki kabisa kwamba sisi tuliokuja na ploti zetu tutawameza kwenye nchi yao. Sisi nasi tuna hofu kwamba mwenye kaunti anatuona wapangaji wasiohama. Kwa hivyo kuna maelewano ambayo hayajaandikwa popote, na kila uchaguzi watu wanayapima: nani achukue ngazi gani. Mtu anayesoma matokeo ya Kajiado kwa rangi za vyama tu anasoma jalada bila kufungua kitabu. (Mzee anatikisa kichwa. Sijui ni ndiyo au hapana. Tutazungumza kwenye chai.)

Nirudi kwa karatasi ya juu, ya urais, kwa sababu imebadilika na sisi hatujaizoea. Raila alikuwa kwenye karatasi hiyo 1997, 2007, 2013, 2017 na 2022. Huku pembezoni, swali la kwanza la mpiga kura, hata akijifanya ni swali la barabara, lilikuwa: wewe uko na Raila au uko dhidi yake? Kila kambi ilijengwa kuzunguka jibu hilo. Mzee alitutoka tarehe 15 Oktoba 2025. Tukienda tarehe 10 Agosti 2027 itakuwa mara ya kwanza tangu 2002 kwa jina lake kutokuwepo kwenye karatasi ya urais. Nimewauliza marafiki zangu wa ODM hapa mtaani watafanyaje, na kila mmoja amenipa jibu lake. Nimewauliza wale waliompinga miaka yote, nao wanaonekana kama watu waliokuwa wakiegemea mlango na mlango ukafunguliwa. Mtu yeyote anayekuja kuwauzia utabiri wa Rongai ya 2027, mwombeni kwanza awaeleze hilo.

Sasa nyinyi wa mlangoni. Mwaka 2022 tume ya uchaguzi ilisema vijana wa miaka 18 hadi 34 walikuwa asilimia 39.84 ya daftari, na kwamba idadi yao ilikuwa imepungua kwa asilimia 5.27 kutoka 2017. Daftari zima liliongezeka mpaka watu milioni 22.1, vijana wakapungua. Halafu Juni 2024 mkajaa barabarani kupinga Mswada wa Fedha. Haikuwa katikati ya jiji peke yake. Ilikuwa hapa Rongai, Kitengela, Githurai. Mkufu huu wa Nairobi wote uliwaka, na mswada ukaondolewa. Watu wa umri wangu walishangaa mmetoka wapi. Mmetoka hapa. Mmezaliwa kwenye hizi ploti. Ukiwauliza kwenu ni wapi, mnasema Rongai, na kijiji cha babu mnakijua kwa matanga na Desemba.

Kwa hivyo nyinyi ndio wapiga kura wa kwanza wa Rongai kwa maana kamili. Hamna pa kukimbilia, na sisemi hivyo kuwatisha. Lakini nimekaa na vijana wa boda pale stendi nikawauliza nani amejiandikisha. Mmoja alisema wizi ni ule ule. Mwingine alisema kitambulisho kilichelewa akachoka. Wa tatu akasema amejiandikisha, Vihiga. Nikamwuliza, Vihiga unafanya nini? Akasema mama alimwambia.

Kuna zoezi moja nataka mjaribu, na hili halihitaji digrii. Mwaka 2022 tume iliweka kwenye tovuti yake Fomu 34A za vituo vyote 46,229, ile fomu ya matokeo ya urais iliyojazwa na kutiwa sahihi kituoni. Kituo kimoja hakizidi wapiga kura 700. Tafuteni za shule iliyo karibu nanyi. Mimi nilizichukua zote za shule yetu, nikakaa nazo mezani na kalamu nyekundu kama zamani. Sikutafuta nani ameshinda. Nilitafuta ni wangapi walioandikishwa na hawakuja. Nairobi kwa jumla, kati ya milioni 2.4 walioandikishwa, waliofika ni kama asilimia 56. Ukiongeza wale wasiofika juu ya wale ambao kura zao ziko ushago, yaani kijijini, halafu juu yao wale ambao hawajajiandikisha popote, utaanza kuelewa kwa nini mgombea wa wadi anaweza kuja hapa na mahema mawili na pilau akaondoka ameridhika. Hana haja ya Rongai. Ana haja ya foleni fupi.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Namalizia na langu mwenyewe, kwa sababu nimewasema wengine.

Mapema 2022, usajili ulipofunguliwa, nilihamisha kura yangu kutoka Bungoma. Ndugu yangu hakuzungumza nami wiki mbili. Tarehe 9 Agosti, saa kumi na moja na nusu alfajiri, nilikuwa foleni kwenye ile shule ya hatua mia tatu. Ploti yetu ilikuwa na kufuli kwenye milango mingi, kimya kama sikukuu. Nikaingia, nikaweka kidole, nikapewa karatasi zangu sita. Rais, alama. Gavana, alama, ingawa nilisita. Seneta, mwakilishi wa wanawake, mbunge, alama. Nikafika kwa mwakilishi wadi, huyu wa maji na taka na barabara ya ndani, yaani huyu ambaye kwa ajili yake ndiyo nilihamisha kura.

Karatasi ilikuwa ndefu. Nikaisoma kutoka juu hadi chini, nikarudia kutoka chini hadi juu. Kule Bungoma ningeweza kuwaambia kila mmoja wao ameoa kwa nani. Hapa, baada ya miaka yote hii, simjui hata mmoja. Nyuma yangu mtu akakohoa. Karani akatazama. Na nyumbani hatukuwa na maji kwa siku ya tatu. Nikaona mgombea mmoja huru ambaye alama yake ilikuwa mfereji. Nikampa.

Alikuwa wa nne.